Ratiba ya Mkutano na Saa za Bahari

Uliye nyumbani, uliye dukani, na wewe uliye ndani ya daladala unarudi kutoka kazini, naomba sikio lako kwa dakika chache. Leo tunazungumza kuhusu safari ambayo wengi wetu tunaifanya, au tunawaona wenzetu wakiifanya: safari ya kwenda kwenye mkutano katika hoteli ya ufukweni. Siku hizi makongamano, warsha na mikutano mikuu ya mwaka hupelekwa Nungwi, Kiwengwa, Paje, Bagamoyo, Diani, Malindi. Mwaliko unafika una picha ya minazi na maji ya buluu, na nyuma yake kuna karatasi ya pili, yaani ratiba: usajili saa 2 asubuhi, ufunguzi saa 3, chakula saa 7, kufunga saa 11 jioni, halafu hafla ya ufukweni. Je, hiyo karatasi ya pili huwa tunaisomaje? Wengi tunatafuta jina letu, tunatafuta mada yetu, tunaangalia saa ya kula, basi. Mimi jioni hii nasema kwamba ratiba ndiyo karatasi ya kwanza ya usalama wako. Katika safari ya pwani, mara nyingi mtu haponzwi na mahali alipokwenda, huponzwa na saa aliyofika hapo. Nalirudia neno hilo, kwa sababu ndilo nililokuja kulisema: huponzwa na saa.

Tuanze na hofu zetu. Mwulize mtu anayejiandaa kwenda mkutanoni ugenini anaogopa nini. Atakutajia wezi, atakutajia ugaidi, atakutajia ndege kuanguka. Si hofu za kupuuzwa. Pochi huibwa, na kutembea ufukweni peke yako usiku wa manane simu ikiwa mkononi si busara popote pale. Lakini tutazame yanayoua watu wengi kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.2 duniani kila mwaka, na kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji. Kwa yote mawili, ukilinganisha na idadi ya watu, Afrika ndiyo inayoumia zaidi. Barabara na maji, ndugu msikilizaji. Na safari ya mkutano wa pwani ni nini kama si barabara ndefu inayoishia majini? Ongeza mbu, ongeza chakula, umekaribia kuimaliza orodha. Sasa iangalie tena: barabara, maji, mbu, chakula. Kila kimoja kina saa zake za hatari na saa zake za salama. Barabara ya saa 4 asubuhi na barabara ya saa 4 usiku ni mbili tofauti, hata kama lami ni ileile. Ndiyo maana nasema tukizipanga saa, tumeupanga usalama wetu kwa sehemu kubwa, tena pengine bila kununua chochote.

Niingie baharini kwanza, maana hapo ndipo wageni wengi kutoka bara hukosea, na ndipo ratiba za mikutano hukosea pamoja nao. Bahari ya Hindi upande wetu huu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ziada kidogo, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga, au ukiwa mpevu, watu wa pwani husema ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, siku ambazo bahari haisogei sana. Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa kila mwandaaji wa mikutano alijue. Siku za bamvua katika pwani ya Unguja na Mombasa, maji hujaa pomoni karibu na saa 10 alasiri au baada yake kidogo, kisha huanza kutoka. Mkutano wako unafungwa saa ngapi? Saa 11. Washiriki wanakwenda vyumbani, wanavua suti, na saa 11 na nusu wako majini. Bahari wanaiona imejaa, imetulia, inapendeza. Hawajui kwamba maji yote yaliyo kati ya ufukwe na mwamba yameshaanza kurudi nje, na kwamba yanapitia kwenye milango ya mwamba, ambako mkondo una nguvu ya kumchukua mtu mzima anayejua kuogelea. Nguvu hiyo huzidi kadiri saa zinavyosonga, na saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kutoka ndizo kali zaidi. Jua nalo huku kwetu huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kwa hiyo maji yanazidi kuvuta wakati ambapo aliye ufukweni hakioni tena kichwa cha mwenzake. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Ni ratiba iliyoandikwa ofisini, mbali na bahari.

Jambo hilohilo lina upande wa pili. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, maji ya bamvua yakipwa hutoka mbali mno, vikabaki mchanga na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Hiyo hutokea kabla ya adhuhuri, karibu na wakati wa chai ya mkutano. Mgeni anaona bahari imekauka, anatembea kuelekea mwamba kupiga picha, tena peku, juu ya matumbawe na miiba. Akigeuka anakuta maji yameshapita kati yake na nchi kavu, kwa sababu maji yanaporudi hujaza kwanza sehemu zilizo chini, na nyingine ziko nyuma yake. Nani anayajua mambo haya vizuri? Akina mama wakulima wa mwani. Wao hupanga kazi zao kwa bamvua, huingia maji yakitoka na kurudi kabla hayajawazunguka. Ukiwa mgeni Paje, usimwulize saa ya bahari mwenzako mliyekuja naye kutoka Dodoma. Mwulize mama wa mwani, mwulize nahodha, mwulize mtu wa mapokezi hotelini. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, mambo ni tofauti: maji hayakimbii mbali, watu huogelea karibu saa zote. Ndiyo kusema hata ndani ya kisiwa kimoja, saa ya salama ya kijiji hiki siyo ya kijiji kile. Na kwa mwandaaji, dawa iko karibu. Kabla ya kutangaza tarehe, tazama mwezi na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, ambalo siku hizi hata simu inalo. Siku zako zikiangukia bamvua, funga kikao saa 8 au saa 9 alasiri, wape watu bahari ingali inajaa, kisha warudi ukumbini jioni penye taa kama kazi haijaisha. Umebadilisha nini? Umehamisha saa 2 au 3 tu za mjadala.

Tukiacha kuogelea, tuje kwenye kuvuka. Anayekwenda Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam hukaa baharini kama saa 2, na saa 2 za Februari si sawa na saa 2 za Julai. Upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, huichafua bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja, na mara nyingi mchana huwa mchafu kuliko asubuhi. Mnakumbuka MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitokea Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Mnakumbuka pia usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, tukapoteza ndugu zetu kwa mamia. Nawataja marehemu wale kwa heshima, wala si kwa kumtisha mtu asipande boti ya leo. Nawataja kwa sababu ya swali moja: abiria anayeona chombo kimejaa kupita kiasi, au anayeona mawimbi yamechachamaa, ana uhuru wa kusema nasubiri kinachofuata? Mwenye siku moja ya akiba anao uhuru huo. Anayetakiwa kutoa mada kesho saa 3 asubuhi hana. Ratiba imemnyang'anya. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na zilistahili kusitishwa. Aliyekuwa na siku ya ziada aliahirisha safari yake kwa utulivu. Asiye nayo huanza kutafuta mwenye mashua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo na mawimbi siku kadhaa kabla, na redio hii huzisoma. Je, ratiba yako ina nafasi ya kuisikiliza tahadhari hiyo na kuitii?

Barabarani mambo ni hayohayo, na nitapita haraka kwa kuwa wengi mnayajua. Ndege inatua Zanzibar saa 2 usiku, hoteli iko Nungwi, ni kama kilomita 60 kupitia vijijini, penye baiskeli zisizo na taa, ng'ombe na watoto wanaotoka chuoni. Au mmetua Mombasa jioni na mkutano uko Diani: mtavuka kwa kivuko cha Likoni pamoja na umati wa watu wanaorudi makwao, au mtazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu gizani na dereva aliyeanza kazi alfajiri. Tanzania ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa miaka mingi kabla ya kuyaruhusu tena Oktoba 2023. Dola nzima ilikubali kwamba saa ni suala la usalama, seuze kamati ya maandalizi? Wajumbe kutoka Dodoma wana bahati ya treni ya umeme tangu mwaka 2024, wanafika Dar es Salaam bila kumkeshesha dereva. Na mkutano ukiangukia Ramadhani, usipange gari liwe njiani dakika za mwisho kabla ya futari, wakati kila mtu anakimbilia nyumbani akiwa na njaa na kiu. Mwisho wa safari tusahau kabisa ule mtindo wa kumaliza hafla saa 6 usiku na kuondoka saa 9 kuwahi ndege, dereva akiwa amelala ndani ya gari, madirisha wazi, mbu wakimla. Dereva naye apewe chumba. Uhai wa wajumbe wote uko mikononi mwake.

Nimewataja mbu, basi tuzungumze afya, kwani huko ndiko saa hugeuka kuwa wiki. Mjumbe anayetoka Congo, Uganda au Kenya anajua kwamba Tanzania hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Ukichanjwa Jumatano ili usafiri Ijumaa, karatasi unayo lakini haijaanza kazi. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakuna tena kuhesabu miaka 10. Malaria nayo ina kalenda yake. Mtu aliyekulia Nairobi, Kigali au nyanda za juu za Iringa na Njombe, na Mswahili aliyeishi miaka mingi Muscat au London, mwili wake haujazoea malaria kama anavyodhani. Aende kwa daktari kabla ya safari, wala si akifika, kwa sababu dawa za kinga huanzwa kabla ya kuondoka na nyingine huendelea hadi wiki 4 baada ya kurudi. Malaria mara nyingi hujitokeza siku 7 hadi 30 tangu kuumwa na mbu. Maana yake ni kwamba homa hukupata ukiwa umesharudi ofisini, na daktari wa kule penye baridi hufikiria mafua. Mwambie mwenyewe, bila kuulizwa: nilikuwa pwani. Na mbu hawa wana zamu. Mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua ndicho kinga yake. Mbu wa homa ya dengi, ugonjwa uliowahi kusumbua sana Dar es Salaam na Mombasa, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Hafla ya ufukweni inaanza saa ngapi? Saa 11 na nusu, wageni wamevaa nguo fupi, mikono wazi, miguu wazi. Dawa ya kupaka ingefaa iwe mlangoni mwa ukumbi pamoja na vitambulisho vya washiriki.

Mwenye presha, mwenye kisukari, weka dawa zako kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote za safari na siku kadhaa za ziada, kwa maana boti inaweza kuahirishwa. Mgeni wa kutoka nje ya nchi anayekwenda Zanzibar ajue kwamba tangu Oktoba 2024 wageni hutakiwa kuwa na bima ya safari kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, na mambo hayo hukamilishwa mtandaoni kabla ya kufika. Waandaaji waulize mapema ni nani inamhusu na nani haimhusu, wasiache mtu ajue uwanjani.

Chakula je? Hapa naomba nizungumze na wenyeviti wa vikao. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Katika joto la pwani, ndani ya hema, saa 2 ni nyingi. Ratiba inasema chakula saa 7. Mpishi wa hoteli ni mtu wa kazi, ameweka wali, samaki wa kupaka na kachumbari mezani saa 7 kasorobo. Huku ukumbini msemaji aliyepewa dakika 15 amefika dakika 40, na mwenyekiti anaona haya kumkatisha kwa sababu ni mkubwa. Wanatoka saa 8 na nusu. Kesho nusu ya washiriki wanaumwa tumbo, lawama zote zinakwenda jikoni. Je, ni haki? Mwenyekiti anayetunza muda anatunza matumbo ya watu, naye anayeuvunja muda ajue kwamba amefanya zaidi ya kuwachosha wasikilizaji. Na kwa wale wanaopelekwa kuzamia kwa mtungi wa hewa kama burudani ya mwisho wa mkutano, kuna kanuni ya wazamiaji isiyo na mjadala: baada ya kuzamia mara kadhaa, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita, kwa sababu gesi iliyobaki mwilini inaweza kutoka kwa njia ya kudhuru hewa inapopungua angani. Ratiba nyingi huweka matembezi siku ya mwisho. Kwa mzamiaji, yawekwe siku ya kwanza.

Sasa najua mna hoja, na ni haki yenu. Wa kwanza atasema: hoteli hizi zina ukuta, zina walinzi, zina kamera, hayo yote ya nini? Namjibu kwa upole kwamba ukuta wa hoteli unaishia pale maji yanapoanzia. Mlinzi ameajiriwa kulinda geti na mali, na fukwe nyingi za pwani yetu hazina waokoaji wa majini. Mlinzi hodari kuliko wote hawezi kuibadilishia bahari saa ya kupwa. Wa pili atasema: mimi nimezaliwa Tanga, au Lamu, nimelelewa na bahari. Huyo namheshimu, na pengine ndiye mtu wa kwanza ningemweka kwenye kamati. Lakini mvuvi wa Lamu akifika Jambiani huuliza kwanza milango ya mwamba iko wapi. Anayeijua bahari kweli ndiye huuliza zaidi. Isitoshe, aliyeondoka Tanga akiwa kijana na kukaa ofisini Dodoma miaka 20 ana kumbukumbu ya bahari, lakini pumzi na misuli ya wakati ule hana tena.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, nayo ni ya fedha. Anasema: bwana, siku ya ziada kwa watu 60 ni vyumba 60 na posho 60, taasisi yetu ni ndogo, wafadhili hawatakubali. Nakubali kwamba fedha ni tatizo la kweli, na sitaki kumwambia mtu anayehangaika na bajeti kwamba hajali. Lakini mengi niliyoyasema hayana bei. Kuanza mkutano saa 8 mchana badala ya saa 3 asubuhi siku ya kwanza, ili watu wavuke kwa boti ya asubuhi na wafike hotelini mchana kweupe, hakuna chumba kinachoongezeka. Kufunga kikao saa 9 siku ya bamvua, hakuna posho inayoongezeka. Kumkatisha msemaji ni bure. Palipo na gharama ya kweli, kama chumba cha dereva au usiku mmoja kwa wanaotoka mbali, ningeomba kamati itazame kwanza mikoba yenye nembo, fulana na mapambo ya jukwaa. Mara nyingi fedha ipo, imewekwa mahali pengine. Wafadhili nao ni watu wa kuelewa: mstari wa usalama ukiandikwa tangu mwanzo kwenye andiko la mradi, wachache watauliza ni wa nini. Unaokataliwa ni ule unaoombwa baada ya msiba.

Na wa nne, ambaye sauti yake ni ya chini lakini ina uzito mkubwa katika jamii yetu, atasema: ajali ni kudra, siku ikifika imefika. Mimi sibishani na imani ya mtu. Namwomba tu atazame mabaharia wa pwani hii, watu wa swala na dua, walioendesha majahazi kati ya Unguja, Lamu, Mombasa na Oman kwa karne nyingi. Waliamini kudra kuliko wengi wetu, na bado waliungoja msimu. Walikuja na kaskazi, walirudi na kusi, na upepo ulipokuwa haujageuka walikaa bandarini miezi, hata kama bidhaa zilikuwa tayari na mfanyabiashara ana haraka. Kwao, kusubiri wakati unaofaa kulikuwa ndiyo sehemu ya mwanadamu katika safari. Sisi tumepata boti za kasi na ndege, tukadhani hatuhitaji tena kusubiri. Mpaka leo ngalawa haitoki bila mtu wa pwani kuuliza maji yako wapi na upepo uko wapi. Mkutano wa kitaifa una udhuru gani?

Nimesikia pia wasiwasi wa wenye hoteli, kwamba kuzungumza hivi kunawaogopesha wageni na kuharibu biashara. Naona kinyume chake. Hoteli inayobandika saa za kujaa na kupwa mapokezini, na kumweleza kila mgeni aingilie wapi na atoke saa ngapi, inaonyesha kwamba inamjua mgeni wake na inaijua bahari yake. Zipo zinazofanya hivyo tayari, na zinastahili sifa. Ningependa mwandaaji wa mkutano aanzie hapo anapochagua hoteli, kabla ya kuuliza ukumbi unachukua watu wangapi. Akijibiwa kwa ukunjufu, amepata hoteli. Mtu wa mauzo akishindwa kujibu maji yanajaa saa ngapi siku ya mkutano, mwandaaji atafute mahali pengine.

Basi, msikilizaji mpenzi, muda wetu unakwisha. Kama una mwaliko mezani, usiku huu utoe, ufungue ukurasa wa ratiba, uchukue kalamu. Pembeni mwa kila saa andika utakuwa wapi: barabarani, majini, mezani, au chini ya chandarua. Ukikuta saa iliyokaa vibaya, mwandikie mwandaaji kesho asubuhi, kwa adabu, umweleze sababu na umpendekezee saa nyingine. Usisubiri kufika huko, kwa sababu ukishafika kila mtu ana haraka na hakuna anayebadilisha ratiba. Na wewe mwandaaji unayenisikiliza, barua hiyo ikikufikia usiione kama usumbufu wa mtu mmoja. Kaa na kamati yako, itisheni jedwali la maji na utabiri wa hali ya hewa, mwite mtu mmoja wa kijiji kile mnachokwenda, na muipitie ratiba yenu saa kwa saa kabla hamjaichapa.